Kompyuta Mpya, Nyumba Kimya

Ijumaa moja, saa tatu usiku, nilimkuta mume wangu ameketi mbele ya kompyuta yake mpya ya gemu, hedifoni kichwani, mikono mapajani. Kwenye skrini mechi inaendelea, nyasi za uwanja zinang'aa utadhani unaweza kuzikanyaga. Nikamuuliza, "Vipi baba watoto, mmeshafungwa?"

Akavua hedifoni taratibu. "Sisikii kitu, mke wangu. Na mdogo wangu hanisikii."

Nikwambie ukweli msomaji? Nilifurahi. Kimoyomoyo, lakini nilifurahi.

Unashangaa? Subiri nikupe mkasa wenyewe. Mashine yake ya zamani ilikuwa ya mwaka 2016 na ilitumia Windows 10. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walifunga huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 ina masharti yake: inataka prosesa ya kizazi kipya na kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Mashine yetu haikufuzu. Basi mwenzangu akaamua kubadilisha vitu vya ndani: madabodi, yaani ule ubao mkubwa unaobeba vifaa vyote, prosesa, memori na kadi ya picha. Kasha na hedifoni vikabaki vya zamani. Aliniambia itagharimu laki sita. Siku nafua suruali yake nikakuta risiti: milioni moja na laki mbili! Nusu ya pili ilitoka kwenye hela tuliyoiweka kwa ajili ya ada ya mtoto.

Kwa hiyo kompyuta ilipokosa sauti, mie niliona kama Mungu kanilipia kisasi.

Fundi na hukumu yake

Jumatatu yake akaibeba mashine hadi kwa fundi mmoja mjini. Fundi akachomeka spika kwenye tundu la mbele, akasikiliza, kimya. Bila hata kufungua kifuniko akatoa hukumu: "Upande wa sauti umekufa, bosi. Lete laki tatu na nusu tubadilishe madabodi."

Laki tatu na nusu nyingine! Jioni ile tuligombana hadi majirani wakazima redio ili wasikie vizuri. Nikamwambia kama anaona gemu ni muhimu kuliko shule ya mwanawe, na aendelee. Akanitazama, hakujibu. Akaenda kulala.

Usiku wa manane nikamsikia anageuka geuka. Nikauliza kuna nini. Ndipo akasema neno ambalo hajawahi kuniambia. Tangu mzee wao afariki, yeye na mdogo wake aliyeko Mwanza huongea mambo mazito kupitia zile hedifoni tu, Ijumaa usiku, huku wanacheza mpira. Kwa simu ya kawaida ndugu hawa hawamalizi dakika mbili: salamu, watoto hawajambo, mvua imenyesha, haya kwaheri. Na Ijumaa ya mwisho kabla hajaifumua mashine ya zamani, walikuwa wamepishana vikali kuhusu kiwanja alichoacha marehemu. Tangu hapo, kimya.

"Nilimtumia meseji kwamba kompyuta mbovu," akasema. "Akajibu 'sawa'. Sawa tu, basi."

Wanawake wenzangu, ile "sawa" tunaijua sote maana yake.

Jumamosi ya kutafuta chanzo

Kesho yake nilimuuliza kijana wetu wa kompyuta pale ofisini. Akanipa kanuni moja: anza na kitu rahisi na cha bure, jaribu kitu kimoja kwa wakati mmoja, na usinunue chochote mpaka ujue kilichokufa ni kipi. Jumamosi jioni, mtoto amelala, tukaketi wawili na karatasi na kalamu. Haya ndiyo tuliyofanya, na kama nyumbani kwako kuna mashine iliyokosa sauti baada ya kubadilishwa vifaa, fuata hivyo hivyo.

*Kwanza, pima hedifoni zenyewe.* Tulizichomeka kwenye simu yangu ya zamani yenye tundu la duara. Zikaimba vizuri, na nilipopiga simu kwa mama, alinisikia kupitia maiki. Kwa hiyo zenyewe ni nzima. Tukazifuta kwenye orodha.

*Pili, uliza sauti inaelekezwa wapi.* Hapa ndipo nilipofumbuka macho. Kadi mpya ya picha haipeleki picha tu. Kupitia waya wa HDMI au DisplayPort inaweza kupeleka na sauti, hivyo ukishasakinisha programu zake, kompyuta inaweza kuamua kwamba sauti yote iende kwenye skrini. Skrini yetu haina spika! Sauti ilikuwa inatoka, ila ilikuwa inamwagwa jangwani. Bofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya alama ya spika pale chini ya skrini, fungua mipangilio ya sauti, kisha chagua kifaa unachotaka. Tukachomeka spika za mezani kwenye tundu la kijani lililo nyuma ya kasha, tukachagua kifaa sahihi. Muziki huo! Mume wangu akanikumbatia. Madabodi iliyohukumiwa kifo ilikuwa hai, na laki tatu na nusu yetu imebaki mfukoni.

Kama kwako kifaa chenyewe hakionekani kwenye orodha, tatizo huenda ni draiva, ile programu ndogo inayoifundisha Windows kuongea na kifaa. Ipakue kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza madabodi yako. Achana na zile programu zinazojisifu kwamba zitakutafutia draiva zote kwa mpigo, nyingine ni za kukuletea balaa. Angalia pia kwenye mipangilio ya BIOS, maana sauti ya madabodi inaweza kuzimwa kutokea huko.

*Tatu, tofautisha mbele na nyuma.* Spika za nyuma zinaimba, hedifoni za mbele bado bubu. Mbona? Kwa sababu tundu la mbele halimo kwenye madabodi. Limo kwenye kasha, na linaungwa kwa waya mwembamba unaoishia na kichwa kilichoandikwa HD AUDIO. Tukazima mashine, tukachomoa umeme ukutani, tukagusa chuma cha kasha ili kuondoa umemetuli mwilini, tukafungua ubavuni. Mie nikashika tochi ya simu.

Waya ule ulikuwa umejikunja nyuma ya nyaya za umeme, haujachomekwa popote. Mwenzangu, katika furaha yake ya kuunga mashine mwenyewe kwa mara ya kwanza, aliusahau. Fundi naye hakufungua kuangalia.

Lakini kuwa makini hapo. Mahali pa kuuchomeka kwenye madabodi panafanana sana na mahali pa USB ya mbele. Pote pana vijiti 9 vilivyosimama, tofauti ni pale kijiti kimoja kinapokosekana. Linganisha pengo hilo na tundu lililozibwa kwenye kichwa cha waya, na soma maandishi madogo kwenye ubao. Usilazimishe.

*Nne, usisahau maiki.* Sasa tulisikia kila kitu, ila yeye bado hasikiki. Tukaenda kwenye mipangilio ya faragha ya Windows. Ruhusa ya maiki ilikuwa imezimwa, na aliyeizima ni mwenyewe, siku ile anasakinisha, akidhani anajilinda. Tukaiwasha.

Kuna mtego mwingine unaowanasa wengi. Tazama pini ya hedifoni zako. Ikiwa na mistari mitatu myeusi, inabeba sauti na maiki kwa pamoja na inahitaji tundu la aina hiyo, kama hili letu la mbele. Kompyuta yenye matundu mawili, la kijani la kusikiliza na la waridi la maiki, itahitaji kiunganishi kidogo cha kugawa njia mbili. Ni kitu cha bei ndogo, usikubali kuuziwa hedifoni mpya.

Na kama sauti ipo ila inavuma au inakwaruza kila gemu linapopamba moto, mara nyingi ni umeme wa vifaa vya ndani unaingilia sauti. Hamia tundu la nyuma, au nunua kadi ndogo ya sauti ya kuchomeka kwenye USB. Spika zikivuma muda wote, jaribu kuzichomeka pamoja na kompyuta kwenye ekstensheni moja.

"Nilidhani umenuna"

Ilikuwa inakaribia saa nne usiku tulipomaliza. Akavaa hedifoni, akaingia mchezoni. Shemeji alikuwepo. Sauti ilikuwa juu kiasi kwamba nami nilimsikia: "Kaka? Kaka, ni wewe?"

"Ni mimi."

"Nilidhani umenuna kwa yale niliyosema. Nikajua hiyo kompyuta mbovu ni kisingizio."

Mume wangu alikaa kimya kidogo. "Ulikuwa waya tu, mdogo wangu. Na kiwanja tutaongea, hatugombani kwa mali ya mzee."

Nikazima tochi, nikaenda zangu chumbani. Waliongea hadi usiku wa manane, na sidhani kama kuna goli lililofungwa.

Asubuhi akaniletea chai kitandani na risiti zote, hata zile ambazo sikuziona. Akasema atarudisha hela ya ada kidogo kidogo hadi itimie. Nami nikamwambia yangu: kwamba nilifurahi sauti ilipokatika. Alicheka, lakini niliona imemuuma, na nikamwomba radhi.

Basi mpenzi msomaji, kabla hujalipa laki kwa fundi, fungua kifuniko utazame kama waya umechomekwa. Na mwenzako akikujibu "sawa", usisubiri wiki mbili. Muulize jioni hiyo hiyo. Tukutane mwezi ujao.