Disneyland Paris: jamaa ihesabu feza mbele ya kukata tiketi

Jamaa nyingi za Wakongomani walio Ufaransa ao Ubelgiji zinaombwa na watoto jambo moja wakati wa vakansi: Disneyland Paris. Lakini mfuko wa kulipa tiketi ndio huo huo unaotuma feza ya masomo Bukavu ao Goma.

Hesabu inaanza na kalenda. Bei inabadilika kufuatana na tarehe, na siku za katikati ya juma ni nafuu kuliko siku ya posho. Walio Ubelgiji wana bahati: tangu 2022 masomo ya Kifaransa kule yana kalenda yake, na vakansi zake haziangukii kila mara pamoja na zile za Ufaransa.

Mtoto ambaye hajatimiza miaka 3 halipi. Treni RER A inafika karibu kabisa na mlango, kituo Marne-la-Vallée–Chessy, basi teksi ya nini? Maji na mikate, mutoke navyo nyumbani.

Tena mupime watoto urefu mbele ya kulipa. Big Thunder Mountain inaomba metre 1,02. Hyperspace Mountain 1,20. Anayepungukiwa anabaki inje, hata akilia, na tiketi yake imekwisha kulipwa.