Sakafu ya mbao: nunua ukavu kabla ya rangi

Nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja zimejaa mbao: milango iliyonakshiwa, madirisha, masanduku, boriti za mikoko zilizobeba dari. Lakini pale pa kukanyaga, mafundi wa zamani walimwaga mawe ya matumbawe na chokaa juu ya hizo boriti. Sidhani kama walikosa mbao, maana msaji ulikuwa ukiletwa na majahazi kutoka India. Nadhani walijua hewa ya pwani inavyoitesa mbao iliyolazwa chini.

Siku hizi mtu anajenga Kibaha au Njiro, ameona sebule ya Ulaya kwenye simu, na anaingia yadi ya mbao na swali moja: ipi ni ngumu kuliko zote? Swali si baya, ila halipaswi kuwa la kwanza. Katika sakafu nilizowahi kuitwa kukagua, ni chache mno zilizoharibika kwa sababu mbao ilikuwa laini. Nyingi zilivimba, zilipinda au ziliacha mianya, na chanzo kilikuwa kilekile kila mara: maji yaliyomo ndani ya mbao, au ndani ya jamvi la zege lililo chini yake.

Mbao haiachi kuvuta na kutoa unyevu eti kwa sababu imepasuliwa na kupigwa vanishi. Ikikaa muda mrefu kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 80, hali ya kawaida kwa miezi kadhaa pwani, yenyewe hutulia kwenye unyevu wa takriban asilimia 16. Hewa ikiwa na asilimia 50, mbao hushuka hadi kama asilimia 9. Kwa hiyo mbao "kavu" ya Tanga ni mbao mbichi ikifika Dodoma wakati wa kiangazi, na mbao iliyokaushwa tanuruni hadi asilimia 8 itavimba ikitandikwa Mikocheni kwenye chumba kisicho na kiyoyozi. Hakuna ukavu mmoja unaofaa kila mahali. Kuna ukavu wa nyumba yako.

Tuweke hesabu mezani. Msaji, mti unaosifika kwa utulivu, hupungua upana kwa takriban asilimia 5.3 ukitoka ubichini hadi kukauka kabisa, ikiwa umepasuliwa kwa njia ya kawaida. Gawanya kwa 30, maana mbao huanza kusinyaa inaposhuka chini ya unyevu wa asilimia 30 hivi: kila asilimia moja ya unyevu inapunguza upana kwa asilimia 0.18. Chukua kibao cha milimita 120 kilichotandikwa kikiwa na unyevu wa asilimia 16, kisha kikakauka hadi asilimia 10. Kitapoteza kama milimita 1.3, karibu unene wa kadi mbili za benki. Kwenye chumba cha mita nne kuna vibao 33 vya upana huo, na kila kiungo kitafunguka kiasi hicho. Huo ni msaji. Mkaratusi, ambao baadhi ya wauzaji huusukuma kama mbao ngumu ya bei nafuu, husinyaa zaidi ya hapo, na ukikaushwa kwa pupa hupasuka na kujikunja vibaya.

Hesabu hiyo ina upande wa pili ambao wanunuzi wengi hawaambiwi. Geuza kibao utazame kichwa chake, pale msumeno ulipokikata. Utaona pete za ukuaji. Zikiwa zimelala, sambamba na uso wa kibao, mbao itacheza kwa kiwango nilichotaja. Zikiwa zimesimama wima, kama kitabu kilichopangwa rafuni, itacheza karibu nusu yake: kwa msaji ni milimita 0.6 badala ya 1.3. Mbao za pete zilizosimama ni chache kwenye kila gogo na humpotezea mpasuaji muda, ndiyo maana bei yake hupanda. Kwa sakafu, ningelipa tofauti hiyo kabla ya kulipia mti wenye jina kubwa.

Sasa ukavu wenyewe utaujuaje? Fundi mwenye kipimo cha unyevu, kile chenye sindano mbili, atakuambia kwa dakika moja. Asipokuwa nacho, jiko la kuokea na mizani ya jikoni vinatosha. Kata kipande kidogo angalau sentimita 30 kutoka kwenye ncha ya ubao, kwa sababu ncha hukauka mapema na hudanganya. Kipime. Kiweke ndani ya jiko hilo kwenye nyuzi joto 103 hivi, ukipime tena mara kwa mara mpaka uzito usiposhuka tena. Huchukua kama siku nzima. Tuseme kilikuwa gramu 230 na sasa ni 200. Maji yaliyotoka ni gramu 30; gawanya kwa 200, unapata asilimia 15. Muuzaji anayekereka kwa sababu umeomba kipande cha kupima amekwisha kukujibu.

Baada ya hapo mbao ziletwe nyumbani zipangwe ndani ya chumba chenyewe, zikitenganishwa kwa vipande vidogo ili hewa ipite, na milango na madirisha yakiwa yamekwisha fungwa. Wiki mbili ni mwanzo mzuri. Zisiletwe wakati mpiga plasta bado yumo ndani na ndoo zake za maji.

Tuje kwenye miti. Mninga ndio kipenzi cha Watanzania, na sifa zake ni za kweli: husinyaa kidogo mno ukilinganisha na mbao nyingi za biashara, kiini chake hakiliwi na mchwa kwa urahisi, na rangi yake ya hudhurungi yenye michirizi haichoshi macho. Kasoro yake ni upatikanaji. Hukua taratibu katika misitu ya miombo, na mbao nzuri zinatoka mbali zaidi kila mwaka. Vumbi lake pia huwasumbua wenye pumu, kwa hiyo siku ya kupiga msasa watoto wahamishwe.

Mkongo ni mgumu na mzito zaidi, na umetulia vizuri. Ila una tabia moja ambayo wachache huitaja: vinyweleo vyake hubeba unga wa njano ambao ukilowa huyeyuka na kutia madoa kwenye kitambaa. Zulia jeupe lililolowa juu ya mkongo usiopigwa vanishi vizuri litakufundisha. Mvule, unaouzwa sana Kenya na Uganda ukitokea Kongo, ni mbao nzuri ya sakafu, japo mara nyingine hubeba ndani yake mawe magumu ya chokaa yanayomaliza meno ya msumeno. Fundi akikulipisha zaidi kunoa, usidhani anakuibia. Mpingo uachie wachongaji na watengenezaji wa zumari za Ulaya. Kuukanyaga ni ufujaji.

Kwa nyumba nyingi chaguo langu ni msaji wa mashamba: Longuza kule Muheza, Mtibwa, au bonde la Kilombero. Ni mti uliopandwa, una karatasi zinazoeleweka, na hucheza kidogo. Angalia tu umri. Msaji uliovunwa mdogo una sehemu kubwa nyeupe ya nje, na sehemu hiyo haina ile kinga ya kiini. Mchwa na vipekecha huanzia hapo. Muuzaji akichanganya nyeupe na hudhurungi akakuambia vanishi itaficha, vanishi kweli itaificha rangi. Wadudu haitawazuia.

Na ugumu? Kipimo kinachotumika duniani kilitokana na Gabriel Janka, mtafiti wa Austria wa mwanzoni mwa karne ya 20: wanapima nguvu inayohitajika kuzamisha nusu ya gololi ya chuma yenye kipenyo cha milimita 11.28 kwenye mbao. Msaji unahitaji kama kilo 485. Mwaloni mwekundu wa Marekani, ambao ndio sakafu ya mamilioni ya nyumba kule, kama kilo 585. Mkongo unapita 800, na mpingo unapita 1,600. Tazama basi: msaji uko chini ya mwaloni, na hakuna anayesema msaji haufai. Kisigino chembamba cha kiatu kitatoboa alama kwenye karibu mbao yoyote, na mchanga ni mgumu kuliko zote. Kinachokwaruza sakafu ni punje zinazosagwa chini ya soli, na hapo desturi yetu ya kuvua viatu mlangoni inaokoa fedha nyingi kuliko tofauti ya bei kati ya mninga na mkongo.

Dukani utaonyeshwa aina tatu zote zikiitwa sakafu ya mbao. Geuza kibao utazame ubavu wake. Nyuzi zikishuka kutoka juu hadi chini bila kukatika, hiyo ni mbao kamili. Ukiona tabaka zilizopishana, ya juu ikiwa mbao nzuri na za chini za kawaida, hiyo ni mbao ya tabaka, na usiidharau: kwa kuwa kila tabaka linavuta upande wake, haichezi sana, na juu ya zege pwani mara nyingi ndiyo ninayoishauri. Uliza tabaka la juu lina unene gani. Milimita mbili hazivumilii mashine ya msasa zaidi ya mara moja, pengine hata hiyo moja ni bahati nasibu. Nne au sita ni sakafu ya kurithisha. Ukiona unga wa mbao uliogandamizwa, juu yake picha ya mbao iliyofunikwa plastiki, hiyo ni lamineti. Inafaa nyumba ya kupanga. Isiuzwe kwa bei ya mbao.

Chini ya yote hayo kuna jamvi. Zege hukauka polepole, kwa makadirio ya mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene hali ya hewa ikiwa nzuri. Jamvi la sentimita 10 linataka miezi minne, na wakati wa masika zaidi. Kabla ya kutandika, bandika nailoni angavu ya nusu mita kwa nusu mita kwa soltepu pande zote nne, iache saa 24. Ukikuta matone upande wa chini, au zege limekuwa jeusi, ngoja. Kama nyumba ilijengwa bila nailoni chini ya jamvi, unyevu wa ardhini utaendelea kupanda hata baada ya miaka 20, na hapo utahitaji rangi maalumu ya kuzuia maji kabla ya chochote, au ubaki na tailizi.

Kosa la ufundi ninaloliona zaidi ni kubananisha vibao hadi ukutani. Fundi anaona nafasi kama uzembe, na mwenye nyumba anamsifu kwa usafi. Masika yakija vibao vinavimba, havina pa kwenda, sakafu inanyanyuka katikati. Acha milimita 10 hadi 15 kuzunguka chumba chote, pamoja na kwenye nguzo na fremu za milango, skatingi itafunika.

Vanishi ya poliurethini hufanya ngozi ngumu juu ya mbao, nayo huhimili watoto na meza za kuburuzwa. Ikichakaa, chumba kizima kinasuguliwa upya. Mafuta ya mbao huhitaji kuongezwa mara kwa mara, lakini sehemu iliyoharibika inarekebishwa peke yake. Msaji una mafuta ya asili yanayoweza kuzuia vanishi kushika, kwa hiyo ufutwe na tina kabla ya kupakwa. Chochote utakachochagua, adui yake ni ndoo ya kudeki. Tumezoea kudeki kwa maji mengi na sabuni ya unga kila asubuhi, jambo jema kwa tailizi. Mwelekeze anayesafisha: ufagio laini kwanza, kisha kitambaa kilichokamuliwa hadi kisidondoshe. Bafuni na jikoni penye kumwagika maji usiweke mbao kabisa.

Karatasi nazo zina uzito. Tanzania, mbao halali zina hati ya kusafirishia mazao ya misitu kutoka Wakala wa Huduma za Misitu, na risiti. Omba kuona zote mbili, nawe uweke nakala. Kwa walio Muscat, London au Minneapolis wanaotaka kusafirisha mbao za nyumbani, mpingo na jamii zake zimo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017. Mkutano wa mkataba huo uliofanyika Panama Novemba 2022 uliongeza mninga, mkongo na mkangazi wa Afrika. Biashara yake haijapigwa marufuku, lakini shehena isiyo na kibali huishia bandarini. Msaji hauna kikwazo hicho.

Ukikadiria kiasi cha kununua, pima eneo la vyumba, ongeza asilimia 10 kwa vipande vitakavyokatwa. Vibao vikipangwa kwa mshazari, ongeza 15. Nunua zote siku moja kutoka shehena moja, kwa sababu mninga wa Tabora na wa Lindi haufanani rangi hata ukiwa mti uleule. Vibao vitakavyobaki vihifadhi ndani ya nyumba, chini ya kitanda ikibidi, si kwenye banda la nje. Siku bomba likipasuka utahitaji vibao vilivyozoea hewa ileile.