Daktari Bacher na Mchezo wa Kriketi

Kriketi ni mchezo wa watu kumi na mmoja upande huu na kumi na mmoja upande wa pili. Mmoja hurusha mpira mdogo mgumu ili aangushe vijiti vitatu vilivyosimikwa nyuma ya mpigaji. Mpigaji naye huvilinda vijiti hivyo kwa gongo pana la mti, na akiupiga mpira ukaenda mbali, hukimbia, yeye na mwenzake wa upande wa pili, wakabadilishana mahali. Na kila wanapopishana wamepata mbio moja. Mchezo mkuu baina ya mataifa huitwa Test, nao huchukua muda wa siku tano. Mtu asiyeuzoea hustaajabu sana kuona watu wazima wamekaa kitako siku tano kutazama mchezo mmoja, ambao huenda ukaisha pasipo mshindi.

Waingereza waliuchukua mchezo huu wakaupeleka India, Australia, visiwa vya West Indies na Afrika ya Kusini. Huko Afrika ya Kusini, katika mji wa Roodepoort karibu na Johannesburg, alizaliwa mtoto mwaka wa 1942, jina lake Aron Bacher. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliotoka nchi ya Lithuania. Alipokuwa mdogo shuleni alipewa jina la utani la Ali, kwa kuwa jina lake la Bacher lilifanana na jina la yule Ali Baba wa hadithi, na jina hilo likamganda mpaka uzeeni.

Ali Bacher alisoma udaktari, na huku akisoma alichezea jimbo lake lililoitwa Transvaal. Alikuwa hodari, wala hakuwa hodari kuliko wote. Kipawa chake kikubwa kilikuwa cha kuongoza watu. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja tu alipofanywa nahodha wa Transvaal, akiwaamuru wachezaji waliomzidi umri. Mwaka wa 1966 Waaustralia walipokuja kucheza na Transvaal, Bacher alipata mbio 235 katika zamu moja, na Waaustralia wakashindwa. Kabla ya siku ile walikuwa hawajapata kushindwa katika nchi ya Afrika ya Kusini.

Mwaka wa 1970 akawa nahodha wa nchi nzima. Waaustralia walikuja tena, wakacheza Test nne, wakashindwa zote nne. Katika mji wa Durban mtu mmoja peke yake, Graeme Pollock, alipata mbio 274. Watu wenye kuujua mchezo walisema kwamba labda hakuna timu nyingine duniani iliyoweza kushindana na hiyo. Na baada ya Test ile ya nne, Afrika ya Kusini haikucheza Test nyingine kwa muda wa miaka ishirini na miwili.

Sababu yake ni hii. Serikali ya Afrika ya Kusini ilikuwa imeweka sheria za kutenga watu kwa rangi zao, siasa iliyoitwa apartheid. Mwafrika, Mhindi na chotara hawakuruhusiwa kukaa, kusoma, wala kupanda gari pamoja na Wazungu, na katika kriketi vilevile. Timu ya nchi ilikuwa ya Wazungu watupu. Kulikuwa na watu weusi wengi waliocheza kriketi vizuri mno, tangu siku za babu zao katika shule za misheni, lakini walicheza katika viwanja vya mchanga na mawe, na hapana aliyewaita. Mmoja wao, Basil D'Oliveira wa Cape Town, alihamia Uingereza akaja kuwa mchezaji wa Uingereza. Mwaka wa 1968 Waingereza walipomchagua aende nao Afrika ya Kusini, Waziri Mkuu Vorster alikataa kuipokea timu iliyokuwa na mtu huyo. Safari ikavunjika. Tangu hapo nchi nyingine zikaanza kukataa kucheza na Afrika ya Kusini. Safari ya Uingereza ya mwaka wa 1970, ambayo Bacher alikuwa amekwisha chaguliwa kuwa nahodha wake, ilifutwa. Na ya Australia iliyofuata nayo ikafutwa vivyo hivyo.

Basi Bacher akawa nahodha asiye na mahali pa kwenda. Aliacha kucheza, akafanya kazi ya udaktari kwa miaka kadha, kisha akaiacha na hiyo. Mwaka wa 1981 alirudi katika kriketi kwa mlango mwingine: alipewa kazi ya kuendesha mambo ya kriketi ya Transvaal kwa mshahara, na baada ya miaka michache akapewa kazi hiyo kwa chama cha nchi nzima. Kazi ya namna hii haina vifijo vya watazamaji. Ni kutafuta fedha, kupanga safari, kulipa wachezaji na kupatanisha wanaogombana.

Hapa ndipo alipofanya jambo ambalo watu wengi walimlaumu, na kwa haki. Kwa kuwa hakuna nchi iliyokubali kuleta timu yake, yeye na wenzake katika chama walianza kuwaita wachezaji wa nchi za nje mmoja mmoja, kwa siri, na kuwapa fedha nyingi ili waje wacheze kinyume cha amri za vyama vyao. Wakaja Waingereza mwaka wa 1982, wakaja watu wa Sri Lanka, wakaja watu wa West Indies mwaka wa 1983, kisha Waaustralia. Makampuni ndiyo yaliyotoa fedha, na serikali ikawapunguzia kodi kwa ajili hiyo. Wachezaji wenyewe waliadhibiwa kwao: Waingereza walifungiwa miaka mitatu, na wale wa West Indies, ambao ni watu weusi, walifungiwa maisha, ingawa baadaye adhabu hiyo iliondolewa. Baadhi yao waliporudi nyumbani walitengwa na jirani zao, wakaishi maisha ya taabu.

Bacher aliamini kwamba anauokoa mchezo usife. Walakini kilikuwako chama kingine, South African Cricket Board, cha watu waliokataa ubaguzi, ambacho Hassan Howa alikuwa kiongozi wake mashuhuri kabisa. Hao walisema kwamba mchezo hauwezi kuwa wa haki katika nchi isiyo ya haki. Kwamba mtu mweusi hawezi kucheza na Mzungu mchana kama ndugu, na jioni akarudishwa kwa sheria katika mtaa wa mabati. Mwaka wa 1986 Bacher alianzisha mpango wa kuwafundisha kriketi watoto wa mitaa ya Waafrika, kama Soweto na Alexandra. Watoto kwa maelfu walishika gongo kwa mara ya kwanza. Lakini hata kazi hiyo njema wengine waliitazama kwa shaka, wakaona ni kama pazia la kufunika zile safari za siri. Na si ajabu, maana mkono uliowapa watoto magongo ulikuwa ndio ule ule uliowalipa wageni.

Hata mwezi wa Januari, mwaka wa 1990, wakaja Waingereza tena, nahodha wao Mike Gatting. Safari hii mambo hayakuwa kama zamani. Katika uwanja wa ndege wa Johannesburg walikuwako waandamanaji, na polisi wakawatawanya kwa mbwa na moshi wa kutoa machozi. Wafanyakazi wa hoteli walikataa kuwahudumia wageni. Katika mji wa Pietermaritzburg maelfu ya watu walikusanyika nje ya kiwanja, na Gatting akatoka kwenda kupokea barua ya malalamiko mikononi mwao, huku wakimzomea. Bacher aliyaona hayo kwa macho yake. Baadaye alikiri waziwazi kwamba kabla ya siku zile hakuwa amejua ukubwa wa hasira iliyokuwa mioyoni mwa watu weusi wa nchi yake. Mtu angeweza kuuliza jinsi daktari aliyeishi humo tangu kuzaliwa alivyokosa kujua. Lakini apartheid ilijengwa makusudi ili Wazungu wasione.

Tarehe 2 Februari mwaka ule ule, Rais de Klerk alitangaza kwamba chama cha African National Congress kimefunguliwa, na siku tisa baadaye Nelson Mandela akatoka gerezani. Kuendelea na safari ile kungaliweza kuleta kumwaga damu. Bacher akakaa na viongozi wa waandamanaji, wakapatana: safari ikafupishwa, na ile ya pili iliyokuwa imekusudiwa ikafutwa kabisa. Fedha zilizokwisha lipwa zilikuwa zimepotea.

Tangu siku hiyo alifanya kazi pamoja na wale waliompinga. Steve Tshwete wa African National Congress, aliyekuwa mfungwa wa kisiwa cha Robben, aliwapatanisha, na mwezi wa Juni 1991 vyama viwili vikawa kimoja, Bacher akiwa mwendeshaji wake. Mwezi wa Julai, katika mkutano wa London, baraza la kriketi la mataifa likaipokea tena Afrika ya Kusini. Na nchi iliyotoa shauri hilo ni India, ambayo hapo kwanza ilikuwa adui mkubwa wa apartheid. Mwezi wa Novemba timu ikaenda Calcutta, ikacheza mbele ya watu wapatao tisini elfu. Walishindwa, wala hapana aliyehuzunika sana.

Katika watoto walioinuliwa na mipango ya kufundisha watoto weusi alikuwamo Makhaya Ntini, mchunga ng'ombe wa kijiji cha Mdingi. Mwaka wa 1998 alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kuichezea Afrika ya Kusini katika Test, na mpaka alipoacha alikuwa amewatoa wapigaji 390 katika Test 101, hesabu ambayo warushaji wachache sana duniani wameifikia.

Mwaka wa 2000 lilimpata Bacher pigo jingine. Polisi wa Delhi walimshtaki Hansie Cronje, nahodha wa Afrika ya Kusini aliyependwa mno, kwamba amepokea fedha za wacheza kamari. Bacher alisimama mbele ya watu akamtetea kwa nguvu. Siku chache baadaye, usiku wa manane, simu ikalia: alikuwa Cronje mwenyewe, akikiri kwamba hakusema kweli. Bacher hakuficha neno. Asubuhi Cronje akaondolewa katika unahodha, na baadaye akafungiwa maisha.

Kazi yake ya mwisho iliyo kubwa ilikuwa kusimamia Kombe la Dunia la mwaka wa 2003, la kwanza kuchezwa Afrika. Michezo 54 ilipangwa, mingi Afrika ya Kusini, michache Zimbabwe, na miwili Nairobi. Taabu hazikukosekana. Waingereza walikataa kwenda Harare, na New Zealand walikataa kwenda Nairobi wakisema hakuna usalama, wakapoteza pointi zao kwa Kenya. Watu wakadhani Kenya imepewa bure. Lakini tarehe 24 Februari, hapo Nairobi katika kiwanja cha Gymkhana, Kenya iliwashinda Sri Lanka, waliopata kuwa mabingwa wa dunia, na kijana Collins Obuya akawatoa wapigaji watano. Wakawashinda Bangladesh, kisha Zimbabwe, na nahodha wao Steve Tikolo akawafikisha nusu fainali, mahali ambapo timu ya nchi isiyocheza Test ilikuwa haijapata kufika.

Nusu fainali hiyo ilichezwa Durban, tarehe 20 Machi, katika kiwanja kile kile cha Kingsmead ambacho timu ya Bacher ya Wazungu watupu iliwashinda Waaustralia mwaka wa 1970. Wahindi walipata mbio 270. Wakenya walipata 179, na Tikolo akapata 56 katika hizo.