Malaria Inapopanda Kichwani

Katika vijiji vya Bagamoyo, na kwenye sehemu kubwa ya mwambao wa Tanzania, wazee walikuwa na maelezo yao kuhusu degedege. Usiku wa mbalamwezi, pepo hupita angani kwa umbo la ndege mkubwa. Kivuli chake kikimwangukia mtoto aliyelala, mtoto huyo huamka na homa kali, macho yakageuka, meno yakakazana, mikono na miguu ikarukaruka. Watafiti waliofanya kazi wilayani humo katika miaka ya 1990 waliandika pia tiba zilizotumika: mtoto alifukizwa moshi wa kinyesi cha tembo na kuogeshwa maji ya majani, na hospitali ikaja baadaye, kwa sababu sindano ilisadikiwa kumuua mtoto mwenye degedege.

Wazee hao hawastahili kuchekwa. Dalili walizozitaja ndizo ambazo daktari wa watoto anaziandika leo kwenye faili, na hatari waliyoihofia ilikuwa ya kweli. Hata hofu ya sindano ina mzizi unaoeleweka: mtoto aliyefikishwa wodini siku ya tatu, akiwa hajitambui, mara nyingi alifariki muda mfupi baada ya kuchomwa sindano, na kijiji kikakumbuka sindano. Kilichokosekana ni ujuzi wa kinachotokea ndani ya fuvu la mtoto yule wakati moshi unafukizwa nje.

Mjini watu wana msemo mwingine: “Malaria imempanda kichwani.” Husemwa mtu anapoanza kupayuka, kutotambua ndugu zake au kutaka kukimbia nje usiku wa manane. Msemo huu uko karibu sana na ukweli, na unafaa kwa magonjwa mengi kuliko malaria peke yake.

Madaktari huiita hali hiyo ensefalopathia, yaani kuvurugika kwa kazi ya ubongo wote. Mgonjwa huchanganyikiwa, husinzia kupita kiasi, hupata degedege, na mwisho huzimia kabisa. Mara nyingi chanzo hakiko kichwani. Kinaweza kuwa kwenye ini, figo, damu, mapafu au tumbo, na ubongo ndio unaolipa. Ubongo wa mtu mzima ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, wala hauna ghala la kuweka akiba ya maana. Oksijeni ikikatika kabisa, seli zake huanza kufa ndani ya dakika chache. Sukari ikishuka sana, akili huanza kuzimika kama taa iliyoishiwa mafuta.

Kwa malaria, mhusika mkuu ni kimelea kiitwacho Plasmodium falciparum. Kikishaingia ndani ya seli nyekundu za damu, huzifanya zinate kwenye kuta za mishipa myembamba. Mishipa ya ubongo nayo hujaa seli hizo, damu ikapita kwa shida. Kwa hiyo vimelea havipandi kutoka tumboni kwenda kichwani kama wengi wanavyodhani. Vimo mwilini kote tangu awali, na kichwani ndiko madhara yake yanakoonekana kwa kutisha zaidi.

Kwa miaka mingi haikujulikana kwa hakika ni nini hasa kinachoua watoto hawa. Jibu kubwa lilitoka Blantyre, Malawi, katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, ambako daktari Terrie Taylor na wenzake wamewatibu na kuwachunguza watoto wenye malaria ya ubongo kwa miongo kadhaa. Huko ndiko kilikotoka kipimo cha kupoteza fahamu kinachotumiwa kwa watoto wadogo wasioweza kujibu maswali. Kipimo hicho huangalia macho, kilio na jinsi mtoto anavyoitikia maumivu, kikampa alama kuanzia 0 hadi 5. Alama 2 au chini yake ni koma. Mashine ya MRI ilipofika hospitalini hapo mwaka 2008, watafiti waliweza kuona ubongo wa mtoto angali hai. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2015. Kati ya watoto 168 waliopigwa picha, 25 walifariki, na 21 kati ya hao 25 walikuwa na ubongo uliovimba vibaya tangu siku ya kulazwa. Ubongo ukivimba hauna pa kwenda, kwa kuwa fuvu ni gumu. Husukumwa chini na kuligandamiza shina lake, mahali panapoongoza pumzi, na mtoto huacha kupumua.

Habari njema ni kwamba tiba imebadilika katika kizazi kimoja. Kwa muda mrefu kwinini ya mshipa ndiyo iliyokuwa tegemeo. Mwaka 2010 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, zikiwamo wodi za Muheza na Korogwe huko Tanga, Kilifi nchini Kenya na Mbarara nchini Uganda. Waliochomwa sindano ya dawa ya artesunate walifariki asilimia 8.5, waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini maana yake ni kwamba katika kila vifo vinne hadi vitano vya watoto waliopewa kwinini, kimoja kingeweza kuepukwa kwa kubadili dawa tu. Shirika la Afya Duniani likapendekeza artesunate kwa watoto mwaka uliofuata. Sindano hutolewa mgonjwa anapofika, baada ya saa 12, na baada ya saa 24, kisha kila siku hadi aweze kumeza, ndipo anapomaliziwa kwa dozi kamili ya dawa mseto. Kwa mtoto wa chini ya miaka 6 aliye mbali na hospitali, kuna kidonge cha artesunate kinachowekwa njia ya haja kubwa ili kununua muda wa safari. Kidonge hicho hakimalizi matibabu, na mzazi anayerudi nyumbani kwa sababu mtoto amefumbua macho anamweka hatarini upya.

Dawa ya malaria pekee haitoshi. Watoto wengi wenye koma huwa sukari imewashuka, na wasipopewa glukosi haraka ubongo huumia hata kama vimelea vinakufa. Degedege lazima lizimwe, damu iongezwe ikipungua sana, pumzi iangaliwe saa zote. Na hata aliyepona hajamaliza safari. Watafiti waliowafuatilia watoto jijini Kampala walikuta kwamba miaka miwili baada ya malaria ya ubongo, takriban mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu katika kumbukumbu, umakini au uwezo wa kufikiri. Mwalimu humwita mvivu mtoto wa namna hiyo bila kujua alikotoka.

Si kila degedege ni malaria ya ubongo. Mtoto mwenye homa anaweza kukakamaa dakika mbili tatu, akalia, akamtambua mama yake, na yote yakaisha salama. Hata hivyo apimwe. Anayetisha zaidi ni yule ambaye degedege limekwisha na bado haamki, au linarudi tena na tena. Huenda ni malaria, huenda ni homa ya uti wa mgongo, na kwa macho matupu hakuna anayeweza kutofautisha.

Kwa watu wazima, mlango unaopitiwa sana ni ini. Mwanamume wa miaka 50, mwenye homa ya ini B ya siku nyingi au aliyekunywa pombe kali kwa miaka, anaanza kulala mchana na kukesha usiku. Mwandiko wake unaharibika. Anasahau kufunga vifungo vya shati, anakasirika ovyo, na akinyoosha mikono mbele, viganja vinapigapiga kama mabawa. Jamaa wanashuku amerogwa. Ini lake lenye makovu limeshindwa kusafisha amonia, sumu inayotengenezwa tumboni chakula chenye protini kinapomeng’enywa, na sumu hiyo imefika kichwani na damu. Dawa yake ya kwanza huwashangaza wengi: ni sharubati ya laktulozi, ileile inayotumiwa kulainisha choo. Hufunga amonia ndani ya utumbo na kuitoa nje, na mgonjwa hutakiwa apate choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Pale hali hiyo inaporudi tena na tena, daktari huongeza dawa ya rifaksimini. Muhimu kuliko yote ni kutafuta kilichochokoza: kutapika damu, maambukizi, kufunga choo, au vidonge vya usingizi ambavyo ndugu walimpa wakidhani wanamsaidia alale. Ushauri wa zamani wa kumnyima nyama, maharage na maziwa umeachwa, kwa sababu njaa humdhoofisha zaidi.

Pombe ina njia nyingine tena ya kufika kichwani, kwa kumwishia mtu vitamini B1. Carl Wernicke aliieleza hali hiyo mwaka 1881 kutokana na wagonjwa watatu. Wawili walikuwa wanywaji, lakini wa tatu alikuwa mshonaji nguo kijana aliyetapika mfululizo baada ya kunywa asidi. Mgonjwa huyu wa tatu anastahili kukumbukwa katika kliniki za wajawazito, maana mama anayetapika wiki nyingi bila kula naye anaweza kufika huko: macho yanachezacheza, miguu inayumba, akili inavurugika. Sindano ya vitamini hiyo ni ya bei nafuu na huokoa, mradi itolewe mapema, pamoja na dripu ya glukosi au kabla yake.

Kwa mjamzito kuna pia kifafa cha mimba, ambapo shinikizo la damu hupanda na ubongo hupata degedege. Utafiti uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, uliotangazwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba magnesiamu salfeti hupunguza hatari ya degedege hilo kwa zaidi ya nusu. Mtoto wake naye anaweza kuzaliwa akiwa amekosa hewa. Hapo mkunga ana dakika moja ya kumkausha, kumchochea na, ikibidi, kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa. Tanzania iliwafundisha wakunga stadi hizo katika hospitali 8, na vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Hospitali kubwa za Ulaya huwapoza watoto waliokosa hewa kwa siku tatu ili kuulinda ubongo, lakini utafiti uliofanywa India, Sri Lanka na Bangladesh, uliochapishwa mwaka 2021, ulikuta tiba hiyo haikuwasaidia watoto wa huko na vifo viliongezeka. Tiba haihami tu kutoka wodi moja kwenda nyingine kama kitanda.

Orodha ni ndefu: figo zilizokwama hadi mgonjwa asafishwe damu, kisukari kilichopanda au kushuka, nimonia au maambukizi ya mkojo kwa mzee ambaye ghafla hamjui mwanawe. Sumu ya madini ya risasi pia imo. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara nchini Nigeria, watoto zaidi ya 400 walikufa, wengi wakiwa na degedege, baada ya mawe ya dhahabu yenye risasi kusagwa majumbani mwao.

Tiba ya kila mmoja wa wagonjwa hawa ni tofauti, lakini hatua za nyumbani ni zilezile. Mlaze ubavu ili mate na matapishi yatoke. Usimtie kijiko, kidole wala uji mdomoni. Tazama saa: degedege likipita dakika tano ni dharura kubwa. Beba dawa zote anazotumia, za hospitali na za kienyeji, na umweleze mhudumu bila kuficha. Ukifika, omba apimwe sukari na malaria mara moja, vipimo viwili ambavyo majibu yake hutoka ndani ya dakika chache. Kama familia inataka kumwombea au kumsomea dua, imfanyie hivyo njiani.