Mlio wa Injini Una Saa Zake

Mwenye gari kuukuu akifika gereji pale Ruiru, aghalabu huwa na sentensi moja tu: "Fundi, hii gari inapiga kelele." Fundi mzuri hagusi spana kwanza. Huuliza: inalia ikiwa baridi au ikishapata moto? Ukikanyaga mafuta inazidi au inapotea? Asiye na majibu hayo hulipia vipuri vya kubahatisha.

Mji jirani wa Thika una kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers, kilichoanza kuunganisha Volkswagen Polo Vivo Desemba 2016. Hata hivyo, magari mengi yanayopita mjini humo ni mitumba ya Japani. Sheria ya Kenya inakataza kuingiza gari lililozidi miaka 8. Likishaingia, mwenyewe hulitumia hata miaka 20 zaidi.

Barabara kuu ya Thika, iliyokamilika 2012, ni mahali pabaya pa kusikilizia injini. Upepo na matairi humeza kila mlio. Heri uliwashe gari alfajiri, redio imezimwa, kisha uliendeshe polepole kando ya ukuta wa mawe ukiwa umeshusha kioo. Ukuta hurudisha sauti.

Kilio chembamba mara tu unapowasha mara nyingi ni mkanda unaoteleza, kwa kuwa wakati huo alteneta ina kazi nzito ya kurudisha chaji ya betri. Mkwaruzo wa sekunde chache kisha kimya huenda ukawa mnyororo wa taiming: kikaza mnyororo, katika injini nyingi, husubiri presha ya oili. "Tik tik" inayoisha injini ikipata moto yaweza kuwa tapeti, au ekzosi inayovuja penye gasketi hadi chuma kitanuke na kuziba pengo. Ukisikia injini ikigongagonga unapopanda mlima, shuku petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, au taiming isiyo sawa. Dashibodi ikitetemeka gari likiwa limesimama kwenye foleni, tazama mipira inayoshikilia injini.

Mlio mmoja hauna mjadala: kugonga kuzito kwa chini, kunakozidi injini ikibeba mzigo. Huenda beringi za konrodi zimelika. Zima hapo hapo na uite gari la kuvuta. Ukilazimisha kutoka Ruiru hadi Thika, chuma chaweza kutoboa bloku, na kazi ya beringi igeuke kuwa kununua injini nzima.

Kabla ya yote, pima oili. Ikiwa chini, milio mingi huanzia hapo. Lakini kujaza oili nzito kuliko iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari hunyamazisha mlio bila kuponya kilicholika, na wauzaji wengine wanalijua hilo. Pia, ukienda kukagua gari la kununua, gusa boneti kwanza. Ukiikuta na joto, milio ya injini baridi imeshapotea: mwambie muuzaji utarudi kesho asubuhi, na asiliwashe kabla hujafika.