Bahari Peke Yake Haizuii Rovu

Mtu wa Visiwani akiulizwa ni nani wa kuogopa rovu, yaelekea atawataja watu wa Handeni na Korogwe, wilaya za Mkoa wa Tanga zilizo mbali na pwani, ambako muhogo na mahindi huliwa zaidi kuliko samaki wa baharini. Yeye mwenyewe hujiona salama, maana amezungukwa na maji. Dhana hiyo ina ukweli nusu tu.

Ni kweli kwamba madini joto, yaani ayodini, yamo katika samaki na mwani. Ni kweli pia kwamba muhogo mchungu usioandaliwa vyema una sumu ambayo, ikishaingia mwilini, huizuia tezi ya shingo isiyapokee madini hayo. Mkulima wa Handeni, basi, ana sababu ya kujihadhari. Lakini chumvi ianikwayo pwani, ingawa imetokana na bahari hiyo hiyo, hubakiwa na madini joto kidogo mno. Haina budi kutiwa kwa makusudi kabla ya kufungwa.

Tanzania Bara iliweka kanuni za kulazimisha jambo hilo katikati ya miaka ya 1990. Afya si jambo la Muungano, na kanuni hizo hazikuvuka Mkondo wa Pemba. Matokeo yalidhihirika katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006: kati ya watoto wa skuli waliopimwa, asilimia 21.3 Unguja na asilimia 32 Pemba walikuwa na uvimbe wa tezi. Nyumba zenye chumvi iliyofaa zilikuwa asilimia 63.5 Unguja, Pemba, kisiwa cha wavuvi, asilimia moja!

Wapo wanaodhani rovu ni aibu ya shingo tu. Laiti ingekuwa hivyo. Mama mjamzito akiyakosa madini hayo, mimba huweza kuharibika, au mtoto akazaliwa na upungufu wa akili usioponyeka. Na kinachotakiwa ni kidogo ajabu: mikrogramu 150 kwa siku kwa mtu mzima, 250 kwa mjamzito. Mahitaji ya mtu aishiye miaka sabini hayajazi kijiko cha chai.

Mama wa nyumbani ataifunika chumvi yake isipigwe na jua wala unyevu, na kuitia chunguni chakula kikikaribia kuiva. Hayo yako mikononi mwake. Kumpatia mzalishaji mdogo dawa na mashine ya kuchanganyia ni kazi ya Serikali, sawa na kuikagua chumvi ya mawe ipimwayo kwa kibaba kutoka magunia yaliyo wazi, iwe sokoni Korogwe au Chake Chake. Tone moja la dawa ya kupimia huigeuza chumvi yenye madini joto rangi ya zambarau; isipogeuka, afisa amekwisha kupata jibu lake palepale mbele ya muuzaji.