KAMPUNI INAYOKUA HUFUTAJE WATU?

Wahenga walinena kuwa nyota njema huonekana asubuhi. Lakini mpenzi msomaji, hata asubuhi njema yaweza kufuatwa na alasiri ya mvua. Nitakueleza kwa nini nasema hivyo.

Tulipokuwa tukichagua masomo ya kidato cha tatu, mimi niliandika Kompyuta. Baba aliitazama fomu, akaguna. "Kompyuta? Si uliona mtoto wa mjomba wako alivyorudi?"

Ni kweli. Mtoto wa mjomba aliajiriwa na kampuni moja ya teknolojia huko Nairobi, nasi tukamchinjia kuku. Mwaka haukuisha kabla hajarudi Ikonge na begi lake. Sokoni watu walinong'ona, "Huyo lazima aliiba." Nilipomuuliza alinijibu, "Kampuni ilikuwa inakua haraka mno." Nilishangaa. Kwani mti ukikua si huongeza matawi? Basi nikaanza kusoma magazeti, nikapata mfano unaotufaa sisi watu wa ndizi.

Mwaka wa 2014 Peter Njonjo na Grant Brooke walianzisha kampuni ya Twiga Foods, Nairobi. Walianza na ndizi. Sote hapa twajua safari ya mkungu: mkulima humwuzia broka, broka humwuzia mwenye lori, naye humwuzia mtu wa soko kubwa, ndipo mama mboga apate chake. Kila mkono hupandisha bei. Twiga ilinunua kwa wakulima, wenye vibanda wakaagiza kwa simu na kuletewa mzigo.

Kazi hiyo haikutaka kompyuta peke yake. Ilitaka waandishi wa programu, madereva, watu wa bohari, na wauzaji wa kuzunguka kibanda hadi kibanda. Mwaka wa 2021 wawekezaji waliipa kampuni hiyo dola milioni 50. Kampuni ya namna hii huajiri kabla ya kupata faida, kwa matumaini kwamba wateja watazidi. Ni kama mkulima anayekopa na kuajiri wavunaji kabla migomba haijazaa.

Mwaka wa 2022 riba ilipanda Marekani, na wawekezaji wengi wakafunga mikono. Novemba mwaka huo Twiga iliwaondoa wauzaji 211 na kutumia mawakala wa kujitegemea wanaolipwa kamisheni. Agosti 2023 ikatangaza kupunguza wafanyakazi 283, karibu thuluthi moja ya wote.

Wakala na mwajiriwa wana tofauti gani? Mwajiriwa hupata mshahara hata mvua ikinyesha na wateja wasije. Wakala hulipwa kwa alichouza tu. Kampuni hutua mzigo, lakini mzigo haupotei. Huhamia begani mwa wakala. Popote watu wanapopunguzwa, anayebaki naye hana raha. Hufanya kazi ya wawili huku akijiuliza, "Kesho ni mimi?" Wajuzi hutafuta kwingine mapema, na kampuni huwakosa watu iliowafundisha yenyewe.

Je, sheria yasemaje? Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, kifungu cha 40, yamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe notisi isiyopungua mwezi mmoja, na katika kuchagua wa kuondoka azingatie muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu wao. Pia amlipe kila mmoja mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliotimiza. Sasa nilielewa kwa nini mtoto wa mjomba alirudi mikono mitupu: hakuwa ametimiza hata mwaka mmoja.

Jioni moja nilimweleza baba hayo yote. Nikamwambia kwamba sheria yenyewe husema mtu akipunguzwa hivyo, kosa si lake. Alinyamaza kitambo, kisha akasema polepole, "Kumbe hakuiba." Jumapili iliyofuata alimwita mtoto wa mjomba, wakanywa chai pamoja pale nje ambapo wapita njia wote waliwaona.

Wanafunzi wenzangu, mimi Kompyuta sijaiacha. Tusome kompyuta, lakini siku tukiandikwa kazi, tuisome na barua ya ajira mpaka mwisho. Tena tukimwona jirani amerudi na begi, tumuulize kwanza kabla ya kumhukumu.